Korosho Alizozikataa Lucy

Nyumba ya kina Nasra, pale Magomeni mjini Mtwara, haikosi watu. Jua likipinda tu, wanawake wa mtaa huja na vigoda vyao uani kubangua korosho pamoja na mama yake. Mikono hupakwa majivu ili mafuta makali ya maganda yasiichubue. Midomo nayo haipumziki: nani kaposwa, nani kaachika, nani kanunua kabati, yote hupita hapo. Nasra, msichana wa darasa la saba, hubangua nao akitoka shule, na vidole vyake vimeingia weusi usiosikia sabuni.

Siku moja alirudi amefura. Alitupa mkoba, akaketi kwa kishindo.

"Kulikoni mwanangu, hata salamu?" mama aliuliza.

"Shikamooni. Huyu Lucy, mama! Nimempa korosho kwa mkono wangu, kasema hataki. Halafu kahamia dawati la nyuma!"

Lucy alikuwa rafiki yake mpya, aliyehamia kutoka Dodoma.

Bi Mwanakombo, jirani asiyepitwa na habari, aliacha kugonga. "Mtu akatae korosho? Hapa Mtwara? Anakuona mchafu huyo! Kaviona vidole vyako, kaingiwa na kinyaa."

"Usimtie mtoto maneno," mama alisema.

"Namtia nini? Nasema ninachokijua!"

Maneno yalishamwingia Nasra. Kesho yake, wakati wa uji, Nasra alimwona Lucy akicheka na Innocent, mwenzao wa darasani, huku Lucy akimtupia yeye jicho. Damu ilimchemka. Alilipiga teke bakuli la Lucy, uji ukamwagika. Akachota korosho mfukoni, akamkaba Lucy ukosi na kumsukumizia mdomoni.

"Utazila leo! Utazila!"

Lucy alibana midomo, macho yamemtoka. Innocent ndiye aliyemdaka Nasra mkono.

Mwalimu mkuu hakuwa na maneno mengi. "Si mara yako ya kwanza. Ukigombana tena, nakusimamisha masomo, na mtihani uko mlangoni. Nenda kwa Mwalimu Raheli."

Mwalimu Raheli ndiye aliyeshughulikia ushauri na unasihi pale shuleni.

"Umekasirika," alisema.

"Sana! Na sitaacha!"

"Kasirika, hasira yako sikunyang'anyi. Nieleze tu ulichokiona."

"Lucy ananidharau."

"Dharau umeiona kwa macho? Ina rangi gani?"

Nasra alisonya kimoyomoyo. "Kakataa korosho. Kahama dawati. Kacheka."

"Hayo umeyaona. Kwamba anakuona mchafu, nani kasema?"

"Jirani... na mimi mwenyewe."

"Basi hilo ni wazo. Wazo limezaa hasira, hasira imezaa teke. Tulipime. Lipo jambo linalolipinga?"

"Juzi tulikunywa maji kikombe kimoja," Nasra alijibu kwa shingo upande.

"Mwenye kinyaa angekunywa? Haya, nitajie sababu nyingine za mtu kukataa korosho."

"Kashiba. Au kafunga. Basi, hakuna nyingine!"

"Anayeijua sababu ni Lucy mwenyewe. Kamuulize. Kuuliza, siyo kushitaki. Hasira ikipanda, vuta pumzi taratibu kwanza, ndipo useme."

Lucy alikuwa nyuma ya darasa, naye amevimba kwa hasira.

"Umekuja kumwaga na maji?"

Ngumi ya Nasra ilijikunja yenyewe. Alivuta pumzi, akaishusha. Akavuta tena.

"Nimekuja kuuliza. Kwa nini ulizikataa korosho zangu?"

"Zinanidhuru. Nikila korosho midomo inavimba, koo linabana, pumzi haipiti. Mara ya mwisho nililazwa. Mfuko wako umejaa chenga zake, ndiyo maana nikahama."

"Korosho? Korosho zimdhuru mtu?" Nasra alimaka. Kwao mtoto huota meno akitafuna korosho. Wazo hilo lisingemjia hata angekaa kutwa. "Mbona hukusema?"

"Niseme mnicheke? Mtu hali korosho Mtwara! Mngenitangaza mpaka Nanyamba."

"Na leo ulikuwa unacheka nini?"

"Viatu vya Innocent. Kavaa vya kaka yake, vinamvuka kila hatua."

Nasra alikumbuka midomo ile iliyobanwa. "Nisamehe, Lucy. Wallahi sikujua."

"Nimekusamehe. Uji wangu je?"

Walipomweleza Mwalimu Raheli, yeye ndiye aliyepandwa na hasira. "Innocent angechelewa kidogo, sasa hivi tungekuwa hospitali! Na wewe Lucy, afya si siri ya kuificha kwa kuogopa kuchekwa. Leo hii walimu wote watajua, na darasa litajua."

Kisha alimgeukia Nasra, sauti imeshuka. "Mwalimu mkuu nitamwambia umeanza kujirekebisha. Kesho mgao wako wa uji ni wa Lucy."

"Sawa, Mwalimu. Lakini mtu angejuaje, kitu kama hicho?"

"Kwa kuuliza. Hasira zitakuja tena, Nasra. Mimi mwenyewe unaniona. Ila moyo ukikuambia jambo, usiliamini eti kwa kuwa tu limepiga kelele. Lipige maswali wazo lako, kabla hujampiga mtu."