Pia ya Nirali

Kila alasiri akitoka shule, Nirali aliingia dukani kwa babu yake kwa mlango wa nyuma, akabadili sare, akanywa chai ya tangawizi, kisha akaketi mbele ya kompyuta iliyokuwa juu ya kaunta. Aliketi kama jaji. Kazi ya jaji huyo wa darasa la saba ilikuwa kuwaambia wateja kipuri wanachotaka kipo rafu gani.

Duka lilikuwa mtaa wa Mchafukoge, chini ya ghorofa walimoishi, na liliuza vipuri vya cherehani tu. Stoo yake ya juu ilijaa mno. Watu wa mtaa huapa kwamba panya mmoja aliingia humo akiwa kijana, akatoka na mvi, akilalamika kuwa hajauona ukuta wa pili. Dirishani ilisimama cherehani kuukuu, nyeusi, ya Babu Chandu. Alikuwa ameifungia mota ndogo, nayo ilizunguka kutwa, sindano juu, sindano chini, bila uzi wala kitambaa, ili kuvuta macho ya wapita njia.

Zamani mteja akija, Babu Chandu alipaza sauti: "Tarsis! Mkanda wa cherehani ya kukanyaga!" Naye Tarsis, mtunza stoo, alijibu kutoka juu baada ya kukohoa vumbi. Nirali aliudharau utaratibu huo.

"Babu, huku si kuuza, ni kuwinda," alisema.

Katika klabu ya kompyuta shuleni alijifunza kuandika programu. Programu yake haikuwa na picha wala rangi. Ilikuwa dirisha jeusi lenye herufi nyeupe. Unaandika jina la kipuri, inapekua kumbukumbu za stoo zilizomo kwenye flashi iliyochomekwa ubavuni mwa kompyuta, kisha inakutajia rafu. Shida ilikuwa kompyuta yenyewe. Ilikuwa nzito kiasi kwamba konokono angeipigia honi apishwe. Wakati inapekua, skrini ilikaa kimya, na wateja wakasema, "Imekufa hiyo."

Ndipo Nirali alipoongeza pia. Alipanga kijistari kisimame, kiiname, kilale, kiinamie upande wa pili, kisha kisimame tena, vyote mahali pamoja na kwa haraka, mpaka jicho likaona kitu kinachozunguka. Pembeni aliandika neno moja: "Nakuja..."

"Hii inaitwa pia, Babu."

"Pia na nini?"

"Pia tu, Babu. Ile ya kuchezea."

Babu Chandu akasonya. Msonyo wake haukuwa mchezo. Inasemekana siku moja alisonya hapo Mchafukoge, wakaanga samaki kule Magogoni wakakimbilia majiko yao wakidhani mafuta yanaungua.

"Yaani kazi yake ni kuzunguka tu? Halafu inasema 'nakuja'? Mjini hapa, mtu akikuambia 'nakuja', ujue anaondoka!"

Lakini wateja waliipenda. Walisimama wakiitazama kama kuku anayetazama mchele ndani ya chupa, na hakuna aliyelalamika tena. Nirali akavimba kichwa. Alianza kuwadharau wenzake wa klabu, akimdharau zaidi binamu yake Trupti, aliyekuwa kidato cha kwanza na ambaye programu zake hazikuwa na pambo lolote.

Trupti alikuja siku moja, akaitazama ile pia, akabenua midomo. "Umeifunga kwenye kazi yenyewe, au inajizungukia tu?"

"Inajizungukia. Kuna ubaya gani?"

"Siku kazi ikifa, pia yako itacheza ngoma juu ya kaburi."

Nirali alimpandisha na kumshusha kwa macho, kutoka ndala hadi utosi. "Wivu huo, shoga. Yako haina hata nukta ya kucheza."

Ijumaa moja jioni, Trupti akiwa amesimama mlangoni, aliingia Celina, fundi wa nguo mwenye baraza lake Mtaa wa Sikukuu. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mwenye mkono mwepesi na maneno mazito. Alikuwa akihema.

"Shikamoo, mama," Nirali alisema.

"Marahaba, binti. Gia ndogo ya cherehani nyeusi ya zamani, mnayo? Yangu imelika meno katikati ya kazi. Kesho asubuhi watoto wa chekechea wana mahafali, na majoho yao yapo mezani kwangu hayana mikono." Akatua kapu lake juu ya kaunta kwa kishindo. "Kama hamna niambie sasa hivi, niwahi maduka ya Msimbazi kabla hawajafunga."

"Subiri kidogo tu, mama." Nirali akaandika jina la gia. Pia ikaanza kuzunguka. *Nakuja...*

Kisha akatupia jicho ubavuni mwa kompyuta. Kapu la Celina lilikuwa limeigonga flashi, nayo ilikuwa imechomoka nusu. Kijitaa chake chekundu kilikuwa kimezimika. Hapakuwa na kumbukumbu ya kupekua tena. Kazi ilikuwa imekufa, na pia ilikuwa ikizunguka vilevile, tena kwa madaha.

Ilikuwa rahisi kusema, "Samahani, imekwama." Lakini mlangoni alikuwepo Trupti, mikono kifuani, midomo tayari kubenuka. Nirali akameza maneno.

"Inakuja?" Celina aliuliza.

"Inakuja, mama. Si unaona inazunguka?"

Celina akasubiri. Akafuta jasho kwa ncha ya khanga, akatazama nje jua likishuka nyuma ya maghorofa, akarudisha macho kwenye skrini. Nirali alijaribu kuirudisha flashi kwa kidole kimoja huku akitabasamu, lakini programu ilikuwa imeshapotea njia. Pia haikujua. Pia haikujua chochote. Ilikuwa imefundishwa kucheza tu.

Babu Chandu alipomaliza na mteja mwingine, alimwona Celina. "Fundi! Bado upo?"

"Nangoja mashine yenu, Mzee Chandu. Inakuja."

Babu akainua kichwa kuelekea darini. "Tarsis! Gia ndogo ya cherehani nyeusi!"

"Zilikwisha, Mzee!" Tarsis alijibu. "Wiki iliyopita!"

Celina hakuaga. Alinyakua kapu akatoka mbio. Dukani ilisikika tu ile cherehani ya dirishani ikiendelea kugonga sindano yake hewani.

Celina aliporudi, uso wake ulieleza yote kabla ya mdomo. "Wamefunga. Nimegonga mpaka mlinzi akanicheka." Akaielekeza kompyuta kidole kana kwamba ni mwizi aliyekamatwa sokoni. "Takataka gani hiyo mmeniwekea?"

Nirali alisimama. "Mama, si kosa la kompyuta. Nilijua imekufa. Niliona tangu mwanzo. Niliona aibu mbele ya Trupti, nikakuambia inakuja."

Babu Chandu akavuta pumzi, na mtaa mzima ungesikia msonyo wake kama Celina hangemwahi.

"Ngoja, Mzee. Usisonye bado. Na ile ya dirishani inashona nini?"

Babu akageuka. Sindano ilipanda, ikashuka. Haikuwa na uzi.

"Ile ni... ya maonyesho," alisema.

"Ina gia?"

Babu Chandu akaenda dirishani, akaizima mota. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza ndimu, "Nirali, lete bisibisi."

Waliifungua pamoja, Trupti akiwashikia tochi ya simu. Gia ilitoka ikiwa nzima, meno yote mahali pake, maana ilizunguka tu bila kushona kitambaa cha kuichosha. Celina aliipokea na kuondoka nayo, na kabla giza halijaingia vizuri, cherehani yake ya Mtaa wa Sikukuu ilikuwa ikiunguruma.

Jumamosi Nirali alimfuata Trupti kwao. "Nifundishe kuifunga kwenye kazi," alisema. Trupti alibenua midomo kidogo, kwa mazoea tu, kisha akavuta kiti. Waliandika upya. Sasa pia haikujizungukia. Kila mara programu ilipomaliza kupekua rafu moja, pia ilisogea hatua moja. Isipopekua kitu, pia ilisimama na kusema imekwama. Neno "Nakuja" walilifuta.

Jumatatu Celina alipita dukani. Kwenye kapu alikuwa na peremende za mahafali. Nirali akachomoa flashi makusudi, akamwonyesha. Pia ilisimama papo hapo. Babu Chandu akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Nimekwama. Muulize Tarsis."

Hakusonya.

"Hapo sawa," Celina alisema. "Sikiliza, mwanangu. Sisi mafundi wa nguo ndio walimu wa uongo ule. Kitambaa hakijakatwa, tunamwambia mteja bado vifungo tu. Kwa hiyo naujua vizuri. Kuchelewa si aibu, na kukwama si aibu. Aibu ni kumzungushia mwenzako gurudumu lisilo na uzi, wakati angeweza kwenda kutafuta msaada kwingine. Ukishindwa, sema mapema. Atakuheshimu zaidi."

"Nimeelewa, mama," Nirali alijibu.

Babu Chandu alikuwa akiitazama cherehani ya dirishani, iliyosimama kimya bila gia. Wapita njia hawakuigeukia tena. Akainua kichwa kuelekea darini.

"Tarsis! Niletee uzi!"

"Rangi gani, Mzee?"

"Yoyote! Gia ikipatikana, safari hii itashona!"