Jiwe la Nne

Hebu fikirini, wanangu, kiwanja kidogo cha changarawe chini ya mwamba mrefu. Kinatosha magari manne. Asubuhi hiyo lilikuwapo moja tu, la mdogo wangu na mumewe, yule tunayemwita Kinyonga kwa sababu hupanda miamba polepole, kama mguu mmoja unauomba mwingine ruhusa.

Kutoka maegesho hadi juu, ambako wapanda miamba hufunga kamba zao, hakuna njia iliyochongwa. Wao hupanga mafungu ya mawe matatu matatu ili anayefuata asipotee. Hawaulizani nani kapanga. Fungu likiwa pale, unapita pale.

"Mama watoto, punguza mwendo," Kinyonga alimtania. "Njia haina miguu, haitatukimbia."

"Baki na maneno yako. Nitakusubiri juu."

Walipanda, wakala, wakacheka. Alasiri ukungu ukashuka, mzito. Wakakunja kamba, wakaanza kurudi, Kinyonga mbele. Fungu la kwanza. La pili. Kwenye la tatu mdogo wangu akasimama.

"Mawe ni manne," akanong'ona.

"Kuna aliyepita."

"Nani? Gari lilikuwa letu peke yake."

Ko.

Jiwe juu ya jiwe. Mbele yao, ukunguni.

"Nani hapo?" Kinyonga akaita.

Ko.

Fungu lingine likaonekana, hatua chache mbele. Kinyonga akainua mguu kulifuata. Mdogo wangu alikuwa ameinama, anagusa lile la karibu yake. Mawe matatu ya chini yalikuwa baridi, yameloa. La juu lilikuwa kavu. Tena vuguvugu, kama limetoka sasa hivi kiganjani.

Akamdaka mumewe mkanda. "Baba, usikanyage!"

Upepo ukavuma, ukungu ukaachana kidogo. Mbele ya kiatu cha Kinyonga ardhi ilikuwa imeisha. Chini kabisa, gari lao lilionekana dogo kama kiberiti.

Na lile fungu lilikuwa bado pale mbele. Limesimama hewani.

Ukungu ukajifunga tena.

Walirudi nyuma wakitambaa, wakajifunga kamba kwenye mti, wakakaa wameshikana. Walisikiliza. Ko. Ko. Jua liliporudi, kila fungu lilikuwa na mawe matatu.

Gari walilikuta limefungwa, vioo vyote juu. Kwenye kiti cha dereva palikuwa na mawe matatu yaliyopangwa vizuri, baridi, yanachuruzika maji. Kinyonga aliyatupa.

La nne walilikuta nyumbani, katikati ya kamba waliyoikunja wenyewe.

Mdogo wangu hakutaka kulala nalo nyumba moja, nami sikuthubutu kulitupa. Liko kwenye rafu yangu ya vitabu. Nimeligusa asubuhi hii. Halijapoa.

Basi, wanangu, siku mkienda huko nawaomba mkumbuke jambo moja tu: kabla ya kulifuata fungu la mawe, guseni kwanza jiwe la juu.