Bakuli la Longquan

Bakuli lilianza kutoa jasho. Kiyoyozi kinavuma, nyumba nzima pale mtaa wa Mabela baridi, na lile bakuli la kijani alilorithi Mahbuba kwa bibi yake wa Unguja linalowa rafuni kama paji la mgonjwa. Jikoni kukanuka moshi wa kuni, na wao hupikia gesi.

Kisha likasema: "Mama, nna baridi."

Ilikuwa sauti ya Shahad, binti yake. Maji ya wadi, korongo kavu linalofurika ghafla, yalimchukua msimu wa mvua uliopita, na alipopatikana maiti, Mahbuba alimsugua mikono ipate joto mpaka watu wakamtoa kwa nguvu. Sasa nani angemzuia? Akawasha jiko, akaliweka bakuli juu yake, na sauti ikatulia.

Kila siku likataka moto zaidi. Thabit, mumewe, mtunza vyombo vya kale wa makumbusho, akakuta jiko zima linawaka.

"Hili la Longquan, Mahbuba," alinong'ona. "Milima ya kusini ya Uchina. Matanuri yao ya kuchomea vyombo yalipanda kilima kizima, penye udongo, mto na misonobari ya kuchoma. Halafu wafalme wakageukia vyombo vya Jingdezhen, moto wa Longquan ukazimika. Kilichomo humu kinaulilia moto wake."

"Kinanililia mimi."

Alasiri hiyo Aws, mtoto wao aliyebaki, alisikia dada yake anaita. Akakimbia kulikumbatia bakuli, viganja vikababuka.

Akaitwa Bi Kheiria, mganga. Akafunga gesi.

"Mwanangu, huyu jini wa tanuri. Akikosa moto ataondoka. Lakini ataomba kwa sauti hiyo hiyo, na wewe uliyemlisha ndiye wa kumnyima."

Mahbuba akakaa sakafuni mbele ya bakuli, Bi Kheiria akisoma, na sauti ikaanza kwa upole, ikaomba shuka, ikaomba mkono tu, meno yakigongana, ikauliza amekosa nini, na moshi usioonekana ukazidi mpaka macho yakawachonyota, na Mahbuba akaikalia mikono yake isiinuke, akisema, "Sina moto, mwanangu, sina," hadi sauti ikawa pumzi, na pumzi ikakatika.

Bakuli likapasuka.

"Keshaondoka," alisema Bi Kheiria.

Mahbuba akashika kigae kimoja. Kilikuwa baridi, baridi ile ile ya mikono ya Shahad.

"Na kama alikuwa yeye?"

Bi Kheiria aliendelea kuokota vigae, wala hakumtazama.