Mtoto Ambaye Hakuulizwa

Kila Jumamosi, Eddah alipomaliza kufua nepi za mdogo wake Trizah, alikwenda kliniki ya mtaa wao wa Silanga. Huko Daktari Nashon aliwafundisha wanafunzi wa darasa la saba kutumia kompyuta. Programu ya takwimu aliyoitumia haikuuzwa. Watafiti wa afya walipeana nakala zake bure kwenye disketi, pamoja na kijitabu cha kujifunzia.

"Mashine haina akili," alipenda kusema. "Ni kama mtoto unayemtuma dukani. Inaleta ulichoitisha, basi."

Siku hiyo kompyuta ilikuwa na majibu ya akina mama walioulizwa, nyumba kwa nyumba, wana watoto wangapi na nani kati yao anaharisha. Pesa za kliniki zilitosha kutengeneza bomba moja tu la maji kati ya mawili ya mtaa. Nashon akabonyeza, jedwali likatokea.

"Wanaochota kwenye bomba la juu wana wagonjwa wengi. La chini, karibu na bwawa, wachache. Basi tutatengeneza la juu."

"Umeona?" Dalmas, mwanafunzi mwenzake na jirani, akamtania Eddah. "Na vile wewe hulia eti maji yetu yananuka!"

Eddah hakucheka. Asubuhi hiyo hiyo Trizah alikuwa amenyweshwa maji ya bomba la chini.

"Daktari, Billy yuko wapi hapa?"

"Billy ni nani?"

"Ndugu yangu. Aliharisha siku chache tu. Tulimzika mwaka huu, makaburi ya Lang'ata."

Nashon alilisoma upya, polepole, swali waliloulizwa akina mama.

"Tuliuliza kuhusu watoto walio nyumbani," alisema kwa sauti ndogo. "Kuhusu waliokufa hatukuuliza. Nipeleke kwa mama yako."

Mama yake, Filister, alikuwa akianika dagaa wa omena nje ya mlango. Alimsikiliza Nashon, kisha akasimama.

"Muuguzi wenu aliniuliza nina watoto wangapi. Nilimwambia wawili. Sikudanganya." Akamgeukia Eddah. "Na wewe! Umeenda kumtangaza mtoto wangu kwa mashine? Billy si hesabu!"

"Mama, Trizah anakunywa maji yale yale."

Mama alimpakata Trizah, na kilio alichokibana tangu mazishi kikamtoka. Nashon alingoja bila kumharakisha.

"Andika," mama akasema hatimaye. "Billy Ojwang. Alikuwa ameanza kusimama dede."

Kisha akajifunga leso, akamwongoza Nashon kwa majirani, kwa maana hakuna mama ambaye angemweleza mgeni jambo kama hilo. Mlango baada ya mlango, majina yalitoka kwa shida.

Jedwali jipya lilimtia Nashon majonzi. Bomba lililoonekana salama ndilo lililokuwa limeua. Mafundi walipochimba, waliikuta paipu yake imepasuka ndani ya mtaro wa maji machafu. Waliibadilisha.

Siku maji yalipofunguliwa, hakuna aliyepiga vigelegele.

"Programu niliijua," Nashon aliwaambia wanafunzi wake pale bombani, "lakini niliuliza vibaya, na ningewaumiza watu. Ukijua ukweli unaoweza kuokoa mtu, useme, hata kama unakuuma. Eddah alifanya hivyo, na mama yake pia."

Mama alijaza kikombe, akampa Trizah, naye akanywa mpaka kikaisha. Eddah alimtazama mdogo wake akijipangusa mdomo. Alifurahi, kweli alifurahi, lakini hakuweza kuacha kulia.