Ngoma Aliyonyimwa Ndululu

Nyumba ya waliookoka hainuki ugoro. Kwa hivyo Mutindi aliposikia ile harufu sebuleni, mchana kweupe, alifungua dirisha, akawalaumu wapagazi wa stesheni ya Emali, akaendelea kuruka.

Alirukishwa na mdomo wa mumewe. Mutie, mwenye duka la mabati, alikuwa amemletea mkanda wa video wa mazoezi: Wazungu watatu waliobanwa na nguo kama soseji, wanaruka, wanachuchumaa, wanakimbia papo hapo bila kupumzika, na nyuma yao ngoma inadunda.

"Mama Mbuvi," alimwambia akiutia kwa deki, "ruka hivyo mpaka Krismasi. Ukibaki gunia, kuna msichana huko Kanyangi amenyooka kama mwiko."

Na Mutie hakuwa mtu wa kutisha bure.

Kusema kweli, Mutindi alichukia ngoma. Mama mkwe wake, Ndululu, mnusaji ugoro, alikuwa na pepo tangu usichana, wale wa Ukambani wanaotaka kilumi: wanawake wapige ngoma, mgonjwa acheze mpaka pepo ashibe, atulie. Alipougua mwaka uliopita alilia apigiwe. Mutindi, shemasi mzima, akaipasua ngoma ya mkwewe kwa shoka, akaifanya kuni za maharagwe. "Ngoma haitapigwa kwa nyumba ya Yesu," akasema. Mutie alisikia, akaenda zake dukani. Ndululu akafa chumba cha nyuma, miguu ikirusharusha blanketi kama kuku aliyechinjwa.

Sasa kila Mutindi alipotua sakafuni, kulikuwa na kutua kwingine nyuma yake, kwa miguu mitupu, kumechelewa kidogo, kama kwa mtu anayejifunza. Akigeuka, hakuna mtu. Siku zilivyosonga, ile miguu haikuchelewa tena.

Halafu siku moja stima zikapotea, Wazungu wakazimika, sebule ikabaki na mwanga wa dirisha tu, lakini ngoma haikunyamaza, ilikuwa imeshuka chini ya simiti na kubadilisha mdundo, ukawa mzito, wa zamani, na miguu ya Mutindi ikaufuata bila kumuuliza, ikaruka, ikakanyaga, mabega yakatikisika, harufu ya ugoro ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na simiti ikaanza kupata nyayo za damu.

Mutie aliingia, akacheka. "Leo umeshika!"

"Baba Mbuvi," Mutindi alinong'ona. "Nishike. Si mimi ninaruka."

Hapo ndipo Mutie alipoiona tivi imezima.

Wazee wa kanisa waliitwa. Waliomba, wakakemea, wakatokwa jasho. Mutindi aliwachezea katikati, akishika mdundo kuliko kwaya yao. Ndipo dada yake Mutindi akamleta Muthoki kutoka Tulia, kikongwe aliyewahi kumpigia Ndululu kilumi. Muthoki hakupita mlango.

"Huyu pepo mlimwita wenyewe," alisema. "Hiyo ngoma ya sanduku inajua kuamsha, haijui kulaza. Wacha niite wenzangu tumpigie mpaka ashibe. Atamwachilia."

"Nakubali," Mutindi alihema. "Wapige! Hata kanisa linifukuze."

Mutie alifikiria wazee wa kanisa. Akafikiria wateja. Akafikiria Kanyangi.

"Ngoma haitapigwa kwa nyumba ya Yesu," alisema polepole. "Si ni wewe ulisema, mama Mbuvi?"

Muthoki alitema mate kando. "Haya. Lakini pepo wa mama yako hana haja na mke wako, kijana. Hapo amepumzika tu, njiani."

Mutindi alifungwa kamba chumba cha nyuma, kitanda kilekile. Alikufa kabla ya Krismasi, mwembamba vile alivyoagizwa.

Matanga hayajapoa, msichana wa Kanyangi alikuwa tayari anamimina chai sebuleni. Tivi ilikuwa imezimwa. Mutie alikuwa akimsifu kiuno, na vikombe vikawa vinalia mezani.

"Mzee," msichana alisema akicheka, "huo mguu una nini?"

"Mguu gani?"

Mutie akainama kutazama chini ya meza. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga simiti kwa mdundo mzito, wa zamani, na ugoro ukanuka. Aliukandamiza goti kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zake zote, mpaka ukatulia.

Ukaanza wa kushoto.