Abiria wa Sostenes

Zikiwa zimebaki siku tano tu Sostenes aanze safari, pikipiki yake iliinama nyuma. Ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka lake la spea mjini Geita, saa nne ya asubuhi, jua limewaka, na juu yake hapakuwa na mtu wala mzigo, hata paka hakuwepo. Lakini shokapu za nyuma zilikuwa zimebonyea kama vile mtu mzima amekaa pale anasubiri kupelekwa. Sostenes aliitazama, akapiga tairi teke, akamtukana aliyemuuzia. Hakuwaza zaidi ya hapo. Kuwaza hakukuwa kazi yake kubwa.

Tumseme kidogo, maana mwenyewe alipenda sana kusemwa. Alikuwa na miaka arobaini na sita na kitambi kilichomtangulia kuingia popote. Mali yake yote ilitokana na kuwauzia bodaboda minyororo na breki, na hao hao bodaboda aliwaona takataka. Ukimwamkia shikamoo, anakuitikia marahaba huku macho yake yapo kwenye simu. Miaka kumi na miwili nyuma alikuwa mchimbaji kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, analala chini ya turubai na mabuti yaliyotoboka, ila ukimkumbusha habari hiyo anakukata jicho, anakuuliza kama umekuja kununua au umekuja kupiga soga.

Sasa mtu huyo alitaka kupanda milima. Yeye na rafiki zake wawili, Stanslaus mnunuzi wa dhahabu na Wiliam mwenye gesti, walikuwa wamenunua mapikipiki makubwa yaliyotoka Japani, wakashonesha na majaketi, wakapanga ziara ya siku nne. Sostenes alichora ramani kwenye karatasi ya manila akaitundika ukutani dukani, wateja waione watake wasitake. Siku ya kwanza, kutoka Geita mpaka Nzega. Ya pili, Singida hadi Katesh, chini ya Mlima Hanang. Ya tatu, Babati, halafu ule mlima wa Magara wenye kona juu ya kona hadi Mbulu. Ya nne, Karatu, kupiga picha na kula nyama. Zile kona za Magara alizichora moja moja kwa kalamu nyekundu, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Milima ni ya wanaume," aliwaambia wateja waliokuja kununua plagi. "Hii tambarare yetu iachieni ng'ombe."

Jumapili iliyotangulia walikuwa wamekwenda kuyajaribu mapikipiki hayo, na kwa ujuba tu Sostenes akawapeleka wenzake Mwakitolyo, waone alikotoka. Waone, yaani, jinsi alivyopanda cheo. Akawaonyesha duara lake la zamani, shimo lililozungushiwa miti iliyooza, ambalo watu hawalichimbi tena kwa sababu ndani yake alifukiwa Edson.

Edson alikuwa mwenzake wa kamba. Mmoja anashuka, mwingine anavuta. Siku matimba, zile nguzo zinazozuia kuta za shimo, yalipovunjika, aliyekuwa chini alikuwa Edson, na kifusi kilikuwa kingi, hakutolewa. Wachimbaji wa pale wana desturi yao. Mtu akibaki chini, mwenzake husimama mdomoni mwa duara, akamwita jina lake mara tatu, akamtajia anakompeleka: twende kwenu. Kisha hubeba nguo yake, na njia nzima humsemesha, hapa tunapanda basi, hapa tunapumzika, mpaka nyumbani kwa wazazi wake, na hapo humwambia, "Shuka, umefika." Kazi hiyo ilikuwa ya Sostenes, na alikubali mbele ya watu. Walipomwacha stendi akapanda basi la Geita badala ya lile la Shinyanga. Edson kwao ni Mhunze, wilaya ya Kishapu, na Sostenes alijiambia, Mhunze kuna nini cha kumpeleka mtu zaidi ya vumbi na pamba? Nguo aliiacha chini ya kiti. Mama wa watu, Sostenes hakuwahi kumpelekea hata salamu ya pole.

Jumapili hiyo basi, tumbo limejaa bia mbili, alisimama mdomoni mwa duara lile lile, akaweka mkono kiunoni.

"Edson! Edson! Edson! Panda, twende milimani!"

Rafiki zake walicheka mpaka wakashika magoti. Mama mmoja aliyekuwa akiuza uji karibu na karasha la kusagia mawe aliacha kukoroga. Alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo si ya kutania, ukiita lazima upeleke. Sostenes akamuuliza kama uji wake una maziwa au ni maji ya mtoni, akawasha pikipiki akaondoka. Njiani aliona chombo kizito, akadhani ni upepo.

Hayo yalikuwa Jumapili. Jumatatu pikipiki ikainama. Jumanne asubuhi alipofungua duka alikuta harufu ya shimoni, ule udongo wa chini usiojua jua, uliochanganyika na magunia yaliyolowa. Miaka kumi na miwili hakuwa ameisikia harufu ile, na pua yake iliitambua kabla yake. Kwenye ramani palikuwa na alama za dole gumba, za tope jekundu, bado mbichi. Nzega hapakuwa na kitu. Katesh hapakuwa na kitu. Alama zilianzia chini ya mlima wa Magara, kila kona na dole lake, zikapanda na kupanda, zikafika kona moja karibu na juu, zikakoma.

Alimwita fundi wake akamtukana. Fundi akamwonyesha mikono yake, imejaa oili, haina tope. Sostenes akamtukana kwa hilo nalo.

Jioni hiyo mkewe, Zipora, alimwita uani. Zipora ni mwanamke asiyepiga kelele, na ndiyo maana nyumba ile ilikuwa bado imesimama. Alikuwa ameshika shati alilovaa mumewe siku ile ya Jumapili. Pande mbili za kiuno palikuwa na viganja vya tope, jinsi abiria anavyomshika dereva.

"Umempakia nani?" aliuliza.

Sostenes akaapa kwa jina la mama yake kwamba hakumpakia mwanamke yeyote. Zipora akamwambia si mwanamke anayemtisha. Akalitandaza shati juu ya beseni, akamwambia ahesabu mwenyewe. Vidole vilizunguka kutoka mbavuni, vikapita juu ya tumbo lote, vikaja kukutana kwenye kitovu. Kwa kitambi kile, hapajazaliwa binadamu ambaye vidole vyake vingekutana pale.

"Nimelifua mara tatu," Zipora alinong'ona. "Halitoki."

Jumatano aliamua asiendeshe. Akakaa nyumbani sebuleni, mchana kweupe, televisheni imewaka, na kochi la pembeni yake likabonyea taratibu, likatoa ule mlio wake wa springi, na harufu ya shimoni ikaja ikakaa baina yao, na Sostenes, aliyekuwa akiwaambia watu kwamba majini ni hadithi za watu wasio na vitega uchumi, alibaki akitazama mpira bila kujua nani anacheza na nani, jasho linamshuka mgongoni, hathubutu kugeuza shingo.

Alhamisi akaenda kwa Bi Mwamvua. Huyu ni mama wa Kimanyema aliyehamia kutoka Ujiji, anafukiza ubani na kusoma dua nyuma ya soko, na Sostenes alikuwa amempita miaka yote akimwita mama moshi. Aliingia kwa mlango wa nyuma ili asionekane, akakataa mkeka, akaomba kiti. Bi Mwamvua alimtazama yeye, kisha akatazama nyuma ya bega lake kwa muda, akatupa ubani kwenye chetezo. Moshi ulipanda, ukafika nyuma ya Sostenes, ukagawanyika ukapita kando, kama unaozunguka kitu.

"Hakukuvamia huyu," alisema polepole. "Ulimwita. Mimi siwezi kumfukuza mgeni wa mtu. Ulimwambia unampeleka wapi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Angesema kweli, pengine leo tungekuwa na hadithi nyingine. Lakini Sostenes aliona haya. Mtu mzima, mwenye duka, aeleze kwamba alilewa bia mbili akamtania maiti mbele ya marafiki?

"Nilimwambia kwao," alijibu. "Mhunze."

"Basi mpeleke ulikomwambia. Ukifika, mwambie shuka, umefika. Asiposhuka, ujue kuna neno umenificha."

Ijumaa alfajiri akaibandua ramani ukutani, akaikunja mfukoni, akaondoka peke yake. Stanslaus na Wiliam aliwaambia ana mteja Shinyanga, watakutana Singida. Maana ziara hakuifuta, msimdhanie. Hata katika hofu ile aliwaza kwamba amshushe Edson, ajipanguse, awahi picha za Karatu.

Njiani alifanya kila desturi ilivyotaka, safari hii. Edson, hapa ni Kahama. Edson, hapa tunakunywa maji. Kwenye kituo cha mafuta cha Shinyanga, dada wa pampu alimwomba abiria ashuke kwanza ndipo afungue tangi. Halafu akatazama vizuri, akajaza mafuta huku amegeuza uso pembeni, asimdai hata hela. Kutoka hapo hadi Mhunze barabara ilinyooka katikati ya mashamba ya pamba na mtama, hakuna kilima hakuna kivuli, na kadiri alivyokaribia ndivyo mzigo ulivyozidi, hata mbele ya pikipiki ikawa inataka kunyanyuka, na mikono ile ambayo tangu Jumapili alikuwa akijiambia ni jaketi linalobana ikamzunguka kiuno wazi wazi, baridi, yenye unyevu, ikatulia pale kitovuni vidole ndani ya vidole, na akaendelea kusema Edson tunakaribia, Edson kwenu kule, kwa sauti iliyokuwa ikizidi kuwa nyembamba.

Nyumba ya kina Edson alielekezwa na watu. Ilikuwa na uzio wa minyaa, na uani mama mzee alikuwa ameketi na ungo, anachambua choroko. Jina lake Sesilia. Sostenes aliegesha, akavua helmeti, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akaamkia mtu huku anamtazama usoni.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

Akageukia pikipiki, mkono juu ya siti. "Shuka, Edson. Umefika kwenu."

Shokapu hazikunyanyuka. Akasema tena. Akasema mara ya tatu. Kuku waliokuwa wakidonoa pale uani waliondoka wote kwa pamoja, wakaenda kusimama upande wa pili wa nyumba.

Mama Sesilia akaweka ungo chini. "Wewe ndiye Sostenes."

Hakuwa anauliza. Alieleza taratibu, mikono imelala mapajani. Wachimbaji walikuwa wamempigia simu, kwamba Sostenes yuko njiani anakuja naye. Akafagia uwanja. Akapika ugali na mlenda, maana mwanawe alipenda mlenda. Akangoja siku hiyo, na kesho yake, na mwezi mzima.

"Mwezi ulipoisha nikaenda mwenyewe," alisema. "Kwa baiskeli ya kukodi. Nikamwita, akaitika, nikamleta. Shati lake jingine nililizika pale."

Kando ya minyaa palikuwa na tuta dogo lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, safi, limefagiliwa asubuhi hiyo hiyo.

"Mwanangu amelala kwao miaka kumi na miwili. Ungekuja hata mara moja kunipa pole, ungelijua hilo kaburi." Aliinua macho, akayaweka kwenye siti ya nyuma, na hapo sauti yake ikashuka. "Sasa huyo uliyempakia ni nani?"

Sostenes alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye pikipiki.

"Uliita jina la mtu ambaye hayupo mle," mama alisema. "Aliyekuwepo akaitika. Ulimwambia unampeleka wapi?"

"Milimani," Sostenes alijibu, na machozi yakaanza kumtoka, mwanaume wa milimani.

Mama Sesilia alimtazama kuanzia mabuti hadi kichwani. Hakuwa na hasira. Alimdharau tu, dharau iliyotulia, ya mtu aliyekwisha kumaliza kulia zamani. "Basi mpeleke. Kwangu usimshushe." Akaokota ungo wake, akaingia ndani, akaegesha mlango.

Alijaribu kuiacha pikipiki pale barabarani akimbie kwa miguu. Hatua sita, na shokapu zikanyanyuka nyuma yake taratibu, tss, na uzito wote ukahamia mgongoni kwake, akapiga magoti vumbini. Akarudi kwenye siti akitambaa. Akaigeuza pikipiki kuelekea Geita, ikakataa kuwaka. Akaigeuza kuelekea Singida, na kabla kidole hakijagusa swichi, ikanguruma.

Akaondoka. Ukingo wa ramani ulikuwa umechomoza kwenye mfuko wa jaketi, na hakuhitaji kuikunjua kujua alama zinakomea kona ipi. Mbele yake barabara ilikuwa tambarare, imenyooka, haina hata tuta, lakini kiunoni ile mikono ilianza kukaza, kama ya abiria aliyekwisha kuiona kona.