Kaka, Inua

Kuku ndio walioanza kukataa.

Kabla ya msiba, jua likishapanda, kuku wote wa Nchagwa walikuwa wakijilaza chini ya ile Land Cruiser, wakijichimbia vumbi kwenye kivuli chake mpaka alasiri. Baada ya mazishi ya Mwikwabe hawakuingia tena. Jua liliwachoma, wakahema midomo wazi, wakasimama ukingoni mwa kivuli kama watu waliofika kwenye mto uliojaa, na hakuna hata mmoja aliyetia mguu ndani.

Mke wa Nchagwa, Beatrice, ndiye aliyeliona jambo hilo kwanza. "Baba Ghati, hebu waangalie hawa kuku."

"Kuna mafuta yamemwagika pale," Nchagwa akajibu bila kugeuka.

Lakini alijua hapakuwa na mafuta. Udongo wa mahali pale alikuwa ameukwangua mwenyewe kwa jembe na kuutupa mbali kwenye migomba, kwa sababu ya damu ya mdogo wake.

Gari lile alilinunua likiwa limechoka kutoka hoteli moja ya watalii karibu na lango la hifadhi la Ikoma, alikowahi kuwa dereva. Alilileta kwao Itiryo akiwa na wazo moja tu. Barabara za Itiryo masika hazina huruma: magari huzama kwenye matope, wajawazito hubebwa kwa machela hadi walipo wenye magari yanayopita. Nchagwa akakusudia kulinyanyua gari lake. Springi ndefu, shokapu mpya, matairi makubwa, lipite pale wengine wanaposhindwa. Kazi hiyo aliifanya uani kwake na mdogo wake Mwikwabe, ambaye hakusomea ufundi popote lakini alikuwa na mkono mwepesi. Mwikwabe akiwa chini ya gari hakuwa na tabia ya kugeuza kichwa. Alinyoosha kiganja tu akataja namba. "Nipe kumi na saba." Nchagwa anampa spana. "Nipe kumi na tisa." Anampa. Siku zilikwenda hivyo, wakitaniana.

Simioni, fundi wa kuchomelea vyuma pale senta, aliwatengenezea stendi za kuegemezea gari, nzito na imara. Siku ile waliyokuwa wakifunga springi za nyuma, wingu lilikuwa limeshika mlima, na ikafika wakati jeki ikateleza, gari likashuka, na Mwikwabe alikuwa chini yake. Majirani walipofika mbio walikuta stendi moja ya Simioni imelala pale chini, mguu wake umepinda. Kila mtu aliiona. Jioni hiyohiyo vijana walikwenda kwa Simioni, wakachoma kibanda chake na kumvunja mkono. Nchagwa alikuwa amekaa mlangoni kwa mama yake, analia. Walipokuja kumwambia walichomfanyia Simioni, aliendelea kulia, asiseme neno.

Kazi iliyobaki ilimaliziwa na mafundi kutoka Tarime mjini. Gari likasimama juu, refu, zuri kwa kweli, na watu wakaanza kulipanda.

Ndipo ilipokuja harufu. Si ya petroli wala ya grisi. Ilikuwa ya dawa ya kuchua, ile kali ya kijani ambayo Mwikwabe alikuwa akijipaka gotini kila alipotoka kucheza mpira. Abiria waliuliza nani anaumwa. Siku ya gulio, katikati ya mteremko, mama mmoja aliyekuwa amepakata mtoto kiti cha nyuma akapiga kelele gari lisimame. Alisema amesikia mtu akigonga sakafu kutoka chini, taratibu, kama anayebisha hodi. Wote wakashuka. Walimalizia safari kwa miguu, mizigo kichwani, na Nchagwa akabaki peke yake kwenye usukani. Kule chini kulikuwa bado kunagongwa.

Habari zikaenea kwamba gari lina jini. Nchagwa hakuzikanusha. Tena alizipalilia. "Hata kule Ikoma nilisikia," alisema kilabuni. "Dereva wa kwanza alichukua vitu porini visivyo vyake." Aliposema hivyo kifua kilimlegea kidogo, kwa kuwa kama gari lina jini, basi huenda jini ndilo lililoua, na yeye Nchagwa ni mtu tu aliyefiwa na ndugu. Lakini kila alipopita senta na kumwona Simioni amekaa mbele ya majivu ya kibanda chake, mkono umefungwa kwa mbao na kitambaa, aligeuza uso na kukanyaga mafuta.

Asubuhi moja, kumepambazuka na umande bado mzito, Beatrice alikwenda kukama. Alirudi na ndoo tupu.

"Umelipandisha gari kwenye jeki?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Jeki nilishaitupa."

"Basi njoo uone."

Gari lilikuwa limeinuka nyuma. Matairi yale makubwa yalining'inia hewani, yakizunguka polepole, na chini yake hapakuwa na jeki, wala gogo, wala jiwe, bali nafasi tupu yenye kivuli. Beatrice alimshika mkono asiende, naye alikwenda, kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha kumtangulia, akapiga magoti kwenye umande, akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia ardhi, na harufu ya dawa ya kuchua ikampanda puani hadi macho yakatoka machozi, na kwenye giza lile la chini ya gari, ambalo lilikuwa zito kuliko giza linavyopaswa kuwa asubuhi, akaona kiganja kimenyooshwa kuelekea kwake, wazi, kikisubiri, chenye grisi kwenye mikunjo ya vidole na kovu la panga kwenye dole gumba, kovu ambalo yeye mwenyewe alilifunga kwa kipande cha shati walipokuwa wadogo machungani.

"Nipe kumi na saba," ikasema sauti.

Nchagwa hakuwa na spana.

"Kaka," sauti ikasema tena, safari hii kwa kukaza, kama mtu aliyebanwa kifua. "Kaka, inua."

Gari likaanguka kwa kishindo. Kiganja hakikuonekana tena.

Beatrice hakungoja ushauri wa mtu. Alipanda bodaboda siku hiyohiyo hadi karibu na Sirari, akarudi na Zilpa, mama wa Kijaluo mwenye kanzu nyeupe na kengele ndogo, ambaye watu wa makanisa yote humwendea kwa siri shetani akiwashinda. Majirani wakakusanyika kando ya uzio waone jini likitolewa.

Zilpa alilizunguka gari akipiga kengele. Alinyunyiza maji, akaimba kwa lugha yake. Alipofika upande wa nyuma alinyamaza, akachuchumaa, akaweka sikio karibu na ardhi kama mtu anayesikiliza mtoto. Alipoinuka aliwaomba Nchagwa na Beatrice waingie ndani, wao watatu tu.

"Mimi jini nalijua," alisema, akiifunga kengele kwenye kitambaa. "Jini linataka damu, manukato, linataka kiti. Linatukana. Huyu hatukani. Huyu anakuita kaka."

Nchagwa akatazama sakafu.

"Aiya, baba. Mimi sifukuzi mtu kwao. Huyu ameletwa na neno lililozikwa pamoja naye. Ni neno gani?"

"Sijui, Mama."

"Unajua. Hata mke wako anaona kwamba unajua." Zilpa alisimama. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lifukue mwenyewe kabla hajalifukua yeye."

Hakutaka malipo wala chai. Alipotoka, majirani walimuuliza kama ameliondoa. "Muulizeni mwenye gari," akasema, akapanda pikipiki.

Beatrice akafunga mlango, akauliza, "Ile stendi. Nilifagia ua asubuhi ile. Stendi zote zilikuwa zimeegemea ghala. Ilifikaje chini ya gari?"

Ndipo Nchagwa alipomwambia. Hawakutumia stendi hata moja. Aliona mvua inakuja akaona kuzipanga ni kuchelewa. Aliinua kwa jeki, akaweka gogo la mkaratusi, akamwambia Mwikwabe, "Ingia tu, mura, mdogo wangu, mimi niko hapahapa." Jeki ikateleza kwenye udongo laini, gogo likabingirika. Na kabla watu hawajafika, aliogopa. Aliogopa macho ya mama yake. Akaichukua stendi, akaipinda kwa nyundo kubwa, akaisukuma chini ya gari, gogo akalitupa nyuma ya zizi.

"Na Simioni?" Beatrice akanong'ona.

"Sikujua watamfanya vile."

"Lakini ulipojua?"

Nchagwa akainuka, akatoka nje.

Kesho yake aliwaita wazee wa ukoo na Simioni mwenyewe, mchana, mbele ya zizi. Aliwaamkia shikamoo, akasema yote aliyomwambia mke wake. Wazee waliguna. Mmoja alitema mate chini. Wakaamua atoe ng'ombe, amjengee Simioni kibanda kingine na kumnunulia mashine, na vijana waliompiga wamwombe radhi hadharani.

Simioni aliwasikiliza mpaka mwisho. "Ng'ombe nitawapokea," akasema. "Mkono utaunga. Lakini binti yangu aliniona nikipigwa, Nchagwa, akaniuliza, Baba, kweli umeua mtu? Na mimi sikuwa na hakika. Nimelala na stendi zile kichwani usiku baada ya usiku, nikitafuta mahali nilipokosea kuchomelea. Hilo utalilipa kwa ng'ombe gani?"

Aliondoka bila kumpa mkono.

Hata hivyo gari lilitulia. Harufu ikapotea. Abiria wakarudi mmoja mmoja, kwanza kwa woga, kisha kwa mazoea. Nchagwa alipata usingizi, akanenepa usoni, na watu wakasema ukweli unaponya. Yeye tu ndiye aliyejua kwamba pale zizini alisimulia habari yote isipokuwa kipande kimoja, kile kidogo, ambacho alijiambia hakimsaidii mtu yeyote kukijua.

Alasiri moja alimkuta mama yake, Mokami, akipukuchua mahindi mlangoni mwa jiko lake, ng'ambo ya ua. Akakaa amsaidie. Walipukuchua, punje zikidondoka kwenye ungo.

"Sasa umekuwa mtu tena," mama alisema hatimaye. "Nilikukasirikia. Lakini mtoto mmoja nimemzika, sitamzika mwingine akiwa hai. Ila kuna kitu nimekikosa. Wewe peke yako ulikuwepo. Mwanangu alisema nini mwisho?"

Nchagwa akaokota gunzi jingine. "Hakusema kitu, Mama. Gari liliposhuka, ni palepale. Hakuumia."

Mokami akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyepewa maji.

Na jua likiwaka, watoto wakicheza kando ya uzio, gari likiwa limesimama mbali kule barabarani, sauti ikatoka chini ya ardhi kati ya miguu yao, karibu kabisa, nyembamba kama ya mtu anayetumia pumzi aliyobakiwa nayo.

"Kaka, inua."

Mikono ya Mokami ilisimama. Hakupiga kelele. Hakuna mama asiyeijua sauti ya mwanawe.

"Huyo ni Mwikwabe."

"Mama..."

"Amesema inua. Alikuwa hai. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nchagwa alitaka kusema jini. Neno lilimfika ulimini likakauka. Akatazama mikono ya mama yake iliyojaa vumbi la mahindi, akasema. Alisema jeki ilikuwa palepale, nzima, ingeweza kuwekwa tena. Alisema Mwikwabe aliita mara nyingi. Na yeye alikuwa nyuma ya gari, anaipiga stendi kwa nyundo, na chuma cha Simioni kilikuwa kigumu, hakitaki kupinda.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia asubiri."

Mokami aliuweka ungo chini kwa uangalifu ili punje zisimwagike. Akainuka, akaenda kwenye kaburi nyuma ya nyumba, akaketi pale hadi jua likazama, akizungumza kwa sauti ndogo na mtu ambaye Nchagwa hakuweza tena kumsikia.

Sauti haikurudi kamwe. Beatrice anaamini wamepona. Lakini kila asubuhi Nchagwa huvuka ua kwenda mlangoni kwa mama yake, humwambia shikamoo, naye huitikia marahaba, kwa sababu mila ni mila. Kisha mama humwambia, "Subiri." Huingia ndani, hufunga mlango, na Nchagwa husimama pale nje mpaka umande ukauke.